Tango latua Nyamisangura: Gitaa moja, bendi nzima

UKIMWAMBIA mtu wa hapa Tarime kwamba siku hizi umezimika na tango, atakuelekeza sokoni. Atakwambia chagua lile la kijani kibichi, na usisahau limau na chumvi. Huwezi kumlaumu. Kwa Kiswahili chetu tango ni lile la kachumbari, basi.

Tango ninalolisema mimi ni muziki. Ni ule muziki wa Argentina ambao wengi wetu tumeuona kwenye filamu tu: jamaa kavaa suti nyeusi, nywele kazilaza kwa mafuta, kamkumbatia kimwana, wanatembea kama watu wanaotaka kupigana na kupendana kwa wakati mmoja.

Lakini hata hilo la kwenye filamu naliweka pembeni. Mimi nimenaswa na tango linalopigwa na mtu mmoja kwenye gitaa moja kavu. Hakuna mpiga ngoma, hakuna kinanda, hakuna spika, hakuna waya wa umeme. Ni mtu, kiti na gitaa. Na ukifumba macho unaapa kuna watu watatu humo chumbani.

Najua utaniuliza, msomaji wangu: sasa hayo yanatuhusu nini sisi vijana wa Nyamisangura, wa Sinza au wa Mabatini, tunaoamka na Bongo Fleva na kulala na singeli? Yanatuhusu sana. Twende taratibu, utaona.

SOLO YETU SI YA PEKE YAKE

Kwanza tuelewane kwenye neno moja. Hapa kwetu ukisema fulani "anapiga solo", hujasema yuko peke yake. Umesema ndiye mwenye gitaa la mbele, lile linalolia juu ya mengine. Nyuma yake yuko wa rithim, yuko wa besi, yuko wa drams, na wa tarumbeta wamejipanga.

Hayati Mbaraka Mwinshehe, wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, aliyefariki mwaka 1979, alikuwa fundi wa solo ambaye mpaka leo wazee wakimsikia redioni wanaacha kijiko kwenye sahani. Hata hivyo, naye alisimama mbele ya bendi.

Ndivyo dansi letu lilivyojengwa. Kila mtu na kipande chake, kama timu ya mpira. Na raha yake ndiyo hiyo, magitaa matatu yanaposukana kama ukili.

Ila kuna upande wa pili ambao shabiki aliyelipa kiingilio hauoni. Vyombo vya bendi vina mwenyewe. NUTA Jazz ilipoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa chini ya chama cha wafanyakazi. Bendi nyingi kubwa za nchi hii ziliishi kwa mtindo huo huo: chama, kiwanda, jeshi au tajiri ananunua vyombo, mwanamuziki analeta vidole. Siku wakikosana, vidole vinaondoka, gitaa linabaki.

BRAZA NA DOLE GUMBA LAKE

Kaka yangu mkubwa yalimkuta hayo hayo. Alipiga besi miaka tisa kwenye bendi moja ya mjini, jina naliweka kapuni. Alikuwa na jina la jukwaani, alikuwa na suti mbili, akija likizo watoto wa mtaa wanambebea begi.

Siku mwenye bendi alipoamua kubadili biashara, alifunga stoo, akaweka kufuli, akawaambia asanteni vijana. Braza akarudi Nyamisangura na begi lile lile, safari hii akiwa amelibeba mwenyewe. Gitaa la besi alilolishika miaka tisa halikuwa lake hata uzi mmoja.

Mzee wetu hakusema mengi. Alisema tu, "Nilikwambia muziki ni uhuni. Mtu mzima unafanyaje kazi miaka tisa unarudi huna hata jembe?"

Braza akaingia kwenye bodaboda. Kazi anaifanya vizuri, simwombei mabaya. Lakini nilikuwa namwona pale kijiweni akisubiri abiria: mkono uko juu ya tenki la mafuta, dole gumba linagonga. Du, du-du, du. Linagonga siku nzima, halichoki.

Siku moja nikamuuliza, "Braza, mbona hununui hata gitaa kavu ukajifurahisha nyumbani?"

Akacheka kwa uchungu. "Dogo, mimi ni mpiga besi. Besi peke yake haina wimbo. Nani atakaa anisikilize nikigonga du-du-du?"

Neno hilo lilinikaa kichwani kama mfupa wa sato kooni. Mtu anajua muziki miaka tisa, halafu hana wimbo hata mmoja anaoweza kuupiga mwanzo hadi mwisho bila kuomba wenzake.

Ni katika kuhangaika na jambo hilo kwenye simu yangu, kutafuta watu wanaopiga gitaa peke yao, ndipo nikaangukia hili tango. Nikasema lahaula! Yule jamaa alikuwa anapiga besi kwa dole gumba. Besi kabisa, ile ya kutembea. Na hapo hapo wimbo unaimba juu yake.

LIMETOKA WAPI?

Tango lilizaliwa mwishoni mwa karne ya 19 kwenye miji miwili inayotazamana kuvuka mto mmoja mpana kama ziwa: Buenos Aires ya Argentina na Montevideo ya Uruguay. Ilikuwa miji ya bandari, imejaa wahamiaji kutoka Italia na Hispania, wachunga ng'ombe waliotoka nyikani, na watu weusi.

Ndiyo, umesoma sawasawa. Weusi. Leo ukiitazama timu ya taifa ya Argentina unaweza kudhani nchi ile haijawahi kumwona Mwafrika. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1800, karibu mtu mmoja kati ya kila watatu pale Buenos Aires alikuwa na asili ya Afrika. Walipelekwa utumwani, wengi wao wakitoka Kongo na Angola, na wengine walitoka huku upande wetu, Msumbiji.

Nyaraka za zamani za kule zililitumia neno "tango" kwa mahali ambapo Waafrika walikutana kupiga ngoma zao na kucheza. Kwa hiyo tusikubali kuambiwa hiki ni kitu cha kizungu kitupu. Jina lenyewe lilitoka uani kwa watu weusi.

Mmoja wa wapiga gitaa waliovuma sana kule kabla tango halijavaa suti alikuwa mweusi, Gabino Ezeiza, aliyezaliwa mwaka 1858 na kufariki mwaka 1916. Kazi yake ilikuwa kushindana kwa mashairi ya papo kwa papo huku akijipigia gitaa mwenyewe. Mpinzani anatupa neno, yeye anajibu kwa vina. Vijana wa leo mngesema jamaa alikuwa anafanya fristaili, miaka zaidi ya mia moja kabla ya sisi kudhani tumeigundua.

Tango lenyewe lilipoanza kupigwa kwenye kumbi, vyombo vilikuwa vichache vya kubebeka: filimbi, fidla na gitaa. Kisha kikaja chombo cha Kijerumani kinachofanana na kodiani, kinaitwa bandoneon, kikamsukuma mwenye filimbi nje. Baadaye ikaja piano, na mwenye gitaa naye akaambiwa asogee.

Gitaa halikufa. Lilibaki kwa waimbaji. Carlos Gardel, mwimbaji mkubwa kuliko wote wa tango, aliimba na magitaa nyuma yake karibu maisha yake yote, hadi ajali ya ndege iliyomuua mjini Medellín, Kolombia, tarehe 24 Juni 1935. Wapiga gitaa wake walikuwa naye kwenye ndege hiyo hiyo.

Halafu wakatokea watu wabishi waliosema: mbona gitaa moja linaweza kufanya kazi ya kundi zima? Mmoja wao ni Agustín Carlevaro wa Uruguay, ambaye kazi yake ya kumpa mkate ilikuwa kuchora majengo. Mchana anachora nyumba, jioni anachukua tango la bendi kubwa na kulipanga upya ili liingie kwenye nyuzi sita. Nilipomweleza mzee wetu habari hiyo, aliuliza mara mbili: "Msanifu majengo? Anapiga gitaa?" Nikasema ndiyo, baba.

Astor Piazzolla naye, aliyezaliwa mwaka 1921 na kufariki mwaka 1992, yule aliyelibadili tango mpaka wazee wa Buenos Aires wakamkasirikia, mwaka 1980 aliandika vipande vitano maalumu kwa gitaa la peke yake. Na mwaka 2009 UNESCO ikaliweka tango kwenye orodha ya urithi wa binadamu, kwa maombi ya Argentina na Uruguay kwa pamoja.

RUMBA NA TANGO NI NDUGU

Sasa sikiliza hii. Gonga meza polepole hivi: TAAA-ta-tam-tam, TAAA-ta-tam-tam. Hilo ni pigo la habanera, lililopewa jina la mji wa Havana kule Kuba. Pigo hilo lilisafiri kusini kwa meli likaingia kwenye mwili wa tango. Ukisikiliza tango za zamani unalisikia wazi kabisa.

Kuba hiyo hiyo, kuanzia miaka ya 1930, ilituletea santuri zilizozaa rumba ya Kongo, na rumba ya Kongo ikalea dansi letu. Kwa hiyo rumba na tango ni kama watoto wa mabinamu waliolelewa nchi tofauti. Mmoja kakulia kwenye joto anacheka kila saa, mwingine kakulia kwenye baridi kanuna. Ila ukiwatazama puani unaona ukoo.

Hata wazee wetu tango walilijua kwa miguu. Vilabu vya dansi vya Pwani vya enzi za mkoloni vilikuwa na vijana waliovaa tai, wakicheza fokstroti, waltz, rumba na tango bila kukosea hatua. Na mtu wa Unguja aliyekua na filamu za Misri alilisikia pigo hilo kwa Mohammed Abdel Wahab, ambaye nyimbo zake kadhaa za miaka ile zilikuwa tango tupu kwa Kiarabu.

LINAPIGWAJE?

Gitaa lina nyuzi sita. Tatu nene, zile zinazokuwa juu ukilipakata, ni za besi. Mwenye nazo ni dole gumba. Tatu nyembamba ni za kidole cha shahada, cha kati na cha pete. Kidole cha mwisho kinakaa bure kama bosi.

Kazi ya kwanza ni ya dole gumba. Linatembea moja, mbili, tatu, nne, kila pigo sawa na mwenzake, kama mtu anayekwenda kudai deni lake. Halikimbii, halisiti.

Kazi ya pili ni ya kujibu katikati kwa kodi fupi (hizi za gitaa, si zile za TRA). Unazipiga, halafu unazizima hapo hapo kwa kiganja. Ukiziacha zilie ovyo, tango linageuka kuwa wimbo wa kumbembeleza mtoto. Nusu ya tango ni ule ukimya baada ya pigo.

Kazi ya tatu ni kuimba. Kidole cha pete kinabeba sauti ya wimbo juu kabisa, na lazima kisikike kuliko wote ingawa ndicho dhaifu. Hapo ndipo vijana wengi wanatupa gitaa chini.

Juu ya hizo tatu kuna mbwembwe. Kuna kuburuta: dole gumba linaanza chini kidogo ya sauti inayotakiwa, linateleza juu ya uzi na kufika kwenye pigo kama mtu anayefungua mlango kwa bega. Kuna kupiga ngoma: unaziangushia nyuzi upande wa dole gumba karibu na pale zinapofungwa, zinatoa sauti ya ngoma ndogo. Na wengi hulegeza uzi wa sita kutoka E hadi D, ili besi iwe nzito kama ya mtu aliyekula ugali wa mtama.

Unaona sasa? Besi, rithim, solo na ngoma. Vyote kwa mkono mmoja. Ndiyo maana nilikimbia kijiweni kumwita braza.

Akatazama ile video kwenye simu mara nne, abiria wakampita. Mwisho akasema, "Dogo, huyu dole gumba lake nalijua. Hilo mimi ninalo. Hivyo vingine ndivyo sina." Nikamwambia umebakiza vidole vitatu tu, braza.

GITAA LILIPATIKANAJE

Gitaa kavu tulilipata kwa mtu aliyekuwa anahama. Lilikuwa limeng'oka ile daraja, yaani kibao kinachoshika nyuzi mwilini, kwa sababu mwenyewe alilifunga nyuzi za chuma. Gitaa la klasiki halitengenezewi chuma. Mvuto wa nyuzi za chuma ni mkubwa, unang'oa daraja kama jino. Linataka nyuzi za nailoni.

Fundi seremala wetu akaligandisha, akalibana kwa vibanio siku mbili, likakaa. Nyuzi nene zenye kuzungushiwa waya tuliagiza mjini. Zile tatu nyembamba zilichelewa, na braza hakuwa na subira. Akanunua mshipi wa kuvulia samaki, akachagua unene kwa kupapasa, akafunga. Gitaa likaimba.

Usicheke. Nyuzi za gitaa la klasiki duniani zilikuwa za utumbo wa mnyama hadi miaka ya 1940, vita vilipofanya utumbo uadimike na mafundi wa Marekani wakajaribu nailoni. Mhispania Andrés Segovia, mfalme wa gitaa hilo, akaikubali, na dunia nzima ikamfuata. Mshipi na uzi wa gitaa ni watoto wa kiwanda kimoja.

Jambo moja braza alilisisitiza. Nilitaka kumpa gitaa bure, nimelinunua mimi. Alikataa katakata. Akalilipa kidogo kidogo kwa hela ya bodaboda, miezi mitatu, na alipomaliza alinitaka niandike karatasi kwamba limeshakuwa lake. Nikaandika. Karatasi ile iko ndani ya gitaa mpaka leo, ukilitikisa unaisikia.

"MURA, HUYO WA CHINI NI NANI?"

Jirani yetu kuna mzee wa Kikurya, mpigaji wa iritungu. Kwa usiyejua, iritungu ni kile chombo kikubwa cha nyuzi nane, kina mwili wa mti uliochimbwa na kuwambwa ngozi, na sauti yake inatoka chini kama ng'ombe dume anayeguna zizini. Mpigaji anakaa, anaimba mwenyewe, anawasifu watu na mifugo. Naye ni bendi ya mtu mmoja.

Jioni moja braza anafanya mazoezi uani, mzee akapita na fimbo yake. Akasimama. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mura, huyo wa juu nimemwona. Huyo wa chini ni nani anampiga?"

"Ni dole gumba, mzee."

Mzee akakaa chini bila kukaribishwa. Akaomba alione gitaa, akapapasa zile nyuzi nyembamba, akacheka mpaka akakohoa. "Huu si mshipi? Hata mimi nafunga huu. Zamani tulifunga mishipa ya ng'ombe."

Akaanza kutueleza jinsi nyuzi zake zinavyogawana kazi: zipo za kusema na zipo za kuitikia, na mpigaji asiyejua kutenganisha hizo mbili ni mpiga kelele. Braza akabaki mdomo wazi. Ndicho hicho hicho tulichokuwa tunakihangaikia kwenye tango wiki nzima.

Wajaluo wenzetu hapo jirani nao wana nyatiti, ya nyuzi nane vile vile. Mpigaji anavaa pete ya chuma kwenye dole gumba la mguu anagongea fremu, na njuga mguuni. Vijana wa Kijaluo walipopata magitaa, walihamishia mapigo ya nyatiti humo, ikazaliwa benga. Na mfalme wa benga, Daniel Owino Misiani, aliyefariki mwaka 2006, si mtu wa mbali. Alizaliwa Shirati, hapa hapa Mara, kabla ya kwenda Kenya na kuunda Shirati Jazz.

Kabla ya kuondoka mzee alisema neno. Alisema vijana wanakuja kwake mara nyingi siku hizi. Wanamwomba apige, wanamrekodi kwa simu, wanashukuru, wanaondoka. "Wote wanakuja na simu," alisema. "Hakuna aliyekuja na vidole."

Braza alienda kesho yake. Na anaendelea kwenda, kila Jumapili mchana, bila simu.

WALIOTUTANGULIA

Nisije nikaonekana nawasifu Waargentina peke yao. Gitaa la peke yake lenye Kiswahili juu yake tumelipata zamani. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, kule Kongo, alirekodiwa mwaka 1952 mjini Jadotville, ambao sasa ni Likasi, na Hugh Tracey aliyekuwa anazunguka Afrika na mitambo yake. Mwenda alikuwa na gitaa moja na vidole viwili tu vya mkono wa kulia, dole gumba na cha shahada. Wimbo wake Masanga mpaka leo unawatoa jasho wapiga gitaa wa Ulaya wanaojaribu kuufuata.

Mwenda aliishi na kurekodi Nairobi pia, na mwaka 1969 alipanda jukwaa la tamasha la Newport kule Marekani. Alifariki mwaka 1990 kwa ajali ya gari. Magharibi mwa Kenya naye George Mukabi alicharaza gitaa kavu kwa staili ya omutibo, huku mwenzake akigonga chupa ya Fanta. Chupa ya Fanta, bwana! Hiyo ndiyo drams.

Sasa jiulize, watu hao walipungua vipi? Gitaa la umeme lilikuja, bendi zikaja, ukumbi ukawa mkubwa, mtu mmoja na gitaa kavu akawa hasikiki. Kisha kinanda kikaja, kikafukuza hata bendi. Leo kwenye sherehe nyingi kuna kijana mmoja na kompyuta yake. Sina ugomvi naye, anatafuta riziki. Lakini umeme ukikatika, sherehe nzima inabaki kusikiliza mbwa wa jirani.

"GITAA LA NANI HILO?"

Ilichukua braza miezi saba kupata tango moja zima, mwanzo hadi mwisho. Nilimwona akilipiga mbele ya watu mara ya kwanza pale kijiweni siku ya mvua. Bodaboda wote wamejibanza chini ya kibaraza cha duka, hakuna biashara. Akalitoa gitaa kwenye mfuko wa nailoni akaanza.

Mwanzoni washikaji walimtania. "Huo mwimbo umefiwa?" Mmoja akasema unafanana na mtu anayemfuata mkewe ukweni. Halafu wakanyamaza. Mvua ikakatika, na kuna dada mmoja aliyekuwa anasubiri usafiri hakuondoka mpaka wimbo ulipoisha.

Mzee wetu alikuwa anatoka sokoni. Alisimama upande wa pili wa barabara na mfuko wake wa dagaa, akasubiri mpaka mwisho, akavuka. Nikajua leo kimenuka.

Hakuuliza habari za muziki. Aliuliza, "Gitaa la nani hilo?"

Braza akajibu, "Langu, baba."

"Lako?"

"Langu. Nimelinunua."

Mzee akalitazama, akaligonga kwa kidole mgongoni kama anayepima tikiti maji, akasema, "Basi lisiloweshwe." Akaendelea na safari yake. Kwa wanaomjua baba yetu, hiyo ilikuwa hotuba.

UKITAKA KUANZA

Nimeandika haya kwa ajili yako wewe kijana unayejua kipande. Labda unapiga rithim kanisani, labda unagonga besi kwenye bendi ya mtu, labda una kinanda cha kuazima. Kipande ni kizuri, lakini jipe na wimbo wako mzima. Siku mwenye stoo akiweka kufuli, uwe na kitu cha kutoka nacho.

Anza hivi. Tafuta gitaa kavu la nailoni hata la mitumba, hakikisha daraja halijanyanyuka na shingo haijapinda. Wiki mbili za kwanza piga dole gumba tu, taratibu, nne kwa nne, mpaka uweze kuzungumza na mtu huku linatembea. Ndipo uongeze kodi fupi za kati. Sauti ya wimbo iwe ya mwisho. Ukianza na sauti kwa sababu ndiyo tamu, dole gumba litakuwa mtumwa wake na hutafika.

Sikiliza tango, sikiliza Mwenda, sikiliza benga. Na kama mtaani kwenu kuna mzee wa iritungu, nyatiti au zeze, usingoje msiba wake ndipo umsifie. Mpelekee sukari na majani ya chai, kaa chini, umwombe akufundishe.

Braza yeye hajaacha bodaboda, na wala hatarajii kwenda Buenos Aires. Sasa hivi anahangaika na tango la pili, na uzi wake wa sita kaulegeza mpaka D ili ugune kama iritungu la mzee. Ukipita Nyamisangura jioni ukamkuta kijiweni, mwombe akupigie. Nauli ni kama kawaida, wimbo ni wa bure.